RISC-V kwenye laptopu uliyonayo: anza hivi kabla hujanunua bodi

Muhula ukianza tu hapa Dodoma, maswali ni yale yale. "Kaka, RISC-V naanzia wapi?" "Ninunue bodi gani?" "Programu zangu za C zitakubali?" Nimeshayajibu kwenye simu, nimeyajibu ndani ya daladala ya kupanda chuoni UDOM, na siku moja nimesimamishwa sokoni Majengo nikiwa na mfuko wa nyanya mkononi. Sasa nayaandika. Ukiniuliza tena, nitakutumia hiki.

Nianze na swali la bodi, yaani kompyuta ndogo yenye chipu ya RISC-V: usinunue. Bado. Mdogo wangu mmoja aliagiza ya kwake kutoka nje na kuisubiri wiki kadhaa. Ilipofika akagundua hana waya wa kuiunganisha na laptopu, hana kadi ya kumbukumbu ya kuaminika, na kioo cha kuchomeka hana. Ikaingia kabatini. Nilipoiona mara ya mwisho ilikuwa na tabaka la vumbi, na vumbi la Dodoma la mwezi wa nane mnalijua wenyewe. Karibu kila alichotaka kujifunza kwenye ile bodi angekifanya kwenye laptopu yake ya Intel, siku hiyo hiyo.

Nadharia ni hii tu. RISC-V ni seti ya maelekezo ambayo prosesa inayaelewa: jumlisha, gawanya, soma kumbukumbu, ruka. Ilianzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 2010. Kilicho wazi ni maandishi ya seti yenyewe, kwa hiyo yeyote anaruhusiwa kutengeneza chipu inayoyafuata bila kulipia leseni. Hapo wengi huchanganya: haina maana kwamba kila chipu ya RISC-V ina michoro iliyo wazi, wala kwamba ni ya bure dukani. Herufi zinazofuata jina ndizo zinazosema chipu inajua nini. RV64 ni ya biti 64, M ni kuzidisha na kugawanya, A ni shughuli za atomu (zisizokatizwa katikati) kwa ajili ya nyuzi nyingi, yaani sehemu za programu zinazokwenda kwa pamoja, F na D ni namba za desimali, C ni maelekezo yaliyofupishwa. RV64GC ndiyo utakayoiona kila mahali kwenye Linux, G ikiwa ni ufupisho wa hayo ya msingi. V ni ya vekta, yaani kukokotoa namba nyingi kwa mpigo, na bodi nyingi zilizotangulia hazina.

Kuhusu programu, habari ni nzuri kuliko watu wanavyodhani. GCC, kompaila inayogeuza msimbo wa C kuwa programu, ilianza kuitambua RISC-V kwenye toleo la 7 mwaka 2017, kerneli (kiini) ya Linux kwenye toleo la 4.15 mwezi Januari 2018, Java kwenye toleo la 19 mwaka 2022. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, ndiyo ya kwanza kuihesabu RISC-V ya biti 64 kuwa sehemu rasmi ya toleo lake. Kwa hiyo swali la "je, inasapotiwa?" limezeeka. Siku hizi kinachokwama mara nyingi ni msimbo wako mwenyewe, ulioandikwa ukiamini dunia nzima ni Intel. Muda mwingi tutautumia hapo.

Unachohitaji

- Laptopu yenye Debian 13 au Ubuntu 24.04. Kama una Windows, WSL (Linux inayokaa ndani ya Windows) yenye Ubuntu inatosha kwa hatua saba za kwanza.
- Nafasi ya GB 5 kwenye diski.
- Bando. Hatua za mwanzo hazili sana, ila hatua ya 8 inapakua mfumo mzima. Nunua la GB 2 uwe na amani, au kaa penye waifai ya chuo.
- C kidogo. Ukiweza kusoma kitanzi cha `while`, twende.
- Betri iliyojaa. Hatua ya 8 ikikatwa na umeme katikati, unaanza upya.

Hatua kwa hatua

1. Jua mashine yako ni ipi.

```
uname -m
```

Ikijibu `x86_64`, uko sawa na maelezo haya. Usiiruke hatua hii. Utairudia baadaye na jibu litabadilika, na hapo ndipo utakapojua umefika.

2. Sakinisha kompaila na emuleta.

```
sudo apt update
sudo apt install gcc gcc-riscv64-linux-gnu libc6-dev-riscv64-cross
sudo apt install qemu-user qemu-user-static file
```

`gcc` ya kwanza inatengeneza programu za laptopu yako. Ya pili inakaa kwenye laptopu hiyo hiyo ya Intel lakini inatoa programu za RISC-V. QEMU ndiye mkalimani: anasoma maelekezo ya RISC-V na kuyatekeleza kwa lugha ya Intel.

3. Andika programu ndogo. Tuachane na ile ya kuchapa "Habari dunia", haifundishi kitu hapa. Chukulia uko soko la mahindi Kibaigwa, umepima magunia na unataka wastani wa uzito. Ihifadhi kama `mahindi.c`:

```c
#include <stdio.h>

int main(void)
{
    int magunia = 0, jumla = 0, kilo;

    while (scanf("%d", &kilo) == 1) {
        jumla += kilo;
        magunia++;
    }
    printf("Magunia: %d\n", magunia);
    printf("Wastani: kilo %d\n", jumla / magunia);
    return 0;
}
```

Mwenye jicho kali ameshaona kosa. Liache kwanza.

4. Itengeneze mara mbili.

```
gcc -O2 -Wall -o mahindi-intel mahindi.c
riscv64-linux-gnu-gcc -O2 -Wall -static -o mahindi-rv mahindi.c
file mahindi-intel mahindi-rv
```

Amri ya `file` itakuambia la kwanza ni x86-64 na la pili ni RISC-V. Neno `-static` linabeba maktaba zote ndani ya programu, faili linakuwa nene lakini halitafuti kitu nje. Ukiwa mgeni, acha liwe nene.

5. Ziendeshe.

```
echo "98 101 97" | ./mahindi-intel
echo "98 101 97" | qemu-riscv64 ./mahindi-rv
```

Zote mbili zinatoa magunia 3, wastani kilo 98. Umeshaendesha programu ya RISC-V, na bodi hujanunua.

Onyo moja hapa, maana limeshazua ubishi mara mbili mbele yangu. Ukiandika `./mahindi-rv` bila kumtaja QEMU, huenda ikaendeka vilevile. Pakiti ya `qemu-user-static` imeshamsajili QEMU kwenye kerneli, hivyo Linux ikikutana na faili la RISC-V inampelekea yeye kimyakimya. Dada mmoja aliniapia kabisa kwamba kompaila yake imemdanganya na kumpa programu ya Intel. Hakudanganywa. Usipime kwa kuona kama inaendeka. Pima kwa `file`.

6. Sasa ipe ujinga. Soko limefungwa, hakuna gunia hata moja:

```
./mahindi-intel < /dev/null
qemu-riscv64 ./mahindi-rv < /dev/null
```

Ya Intel inaanguka na ujumbe wa `Floating point exception`, ingawa hakuna desimali hata moja ndani. Ya RISC-V haianguki. Inakujibu kwa adabu zote:

```
Magunia: 0
Wastani: kilo -1
```

Soma mstari huo mara mbili. Kwenye RISC-V kugawanya kwa sifuri hakuzui programu. Waliotunga seti waliamua jibu liwe biti zote moja, ambayo kwa namba zenye alama (zinazoweza kuwa hasi) ni -1. Si hitilafu ya chipu wala ya QEMU, imeandikwa hivyo. Kwa upande wa C, kugawanya kwa sifuri ni jambo ambalo lugha haikuahidi chochote, kwa hiyo mashine zote mbili ziko ndani ya haki yao. Mwenye kosa ni mimi niliyeandika.

Mimi binafsi naiogopa zaidi ya RISC-V. Programu iliyoanguka utaiona asubuhi. Iliyoandika kilo -1 kwenye daftari la mauzo itakuja kuonekana mwisho wa mwezi, watu wameshagombana. Weka kizuizi:

```c
    if (magunia == 0) {
        printf("Hakuna gunia lililopimwa.\n");
        return 1;
    }
```

Kiweke kabla ya mstari wa kugawanya, kisha rudia hatua ya 4 na ya 6. Ukitaka kuona elekezo lenyewe la kugawanya:

```
riscv64-linux-gnu-gcc -O2 -S mahindi.c
grep div mahindi.s
```

Utakutana na `divw`. Fungua faili zima la `mahindi.s` ukiwa na chai pembeni. Si refu, na utaanza kuzoea rejista, vihifadhi vidogo vya ndani ya prosesa, za a0, a1 na wenzao.

7. Mtego wa `char`. Kama utasoma hatua moja tu, soma hii. Andika `mistari.c`, ya kuhesabu mistari ya faili:

```c
#include <stdio.h>

int main(void)
{
    char c;
    int mistari = 0;

    while ((c = getchar()) != EOF)
        if (c == '\n')
            mistari++;
    printf("Mistari: %d\n", mistari);
    return 0;
}
```

Itengeneze mara mbili kama mwanzo, uipe faili lolote dogo:

```
./mistari-intel < mahindi.c
qemu-riscv64 ./mistari-rv < mahindi.c
```

Ya Intel inajibu papo hapo. Ya RISC-V inakaa kimya. Subiri kidogo, feni ya laptopu itaanza kulia. Bonyeza Ctrl na C uiue, haitamaliza leo wala kesho.

Sababu ni hii. `EOF`, ishara ya mwisho wa faili, ni -1. Kwenye Linux ya Intel, `char` ina alama, kwa hiyo inaweza kuhifadhi -1. Kwenye RISC-V, `char` haina alama, inahesabu 0 hadi 255 tu. Faili linapoisha, -1 inaingia kwenye `char` na kugeuka 255, na 255 haitalingana na -1 mpaka tuzeeke. ARM nayo kwenye Linux iko hivyo hivyo, kwa hiyo usiilaumu RISC-V peke yake.

Dawa ni kubadilisha `char c` iwe `int c`, kwa sababu `getchar` yenyewe inarudisha `int`. Kuna watu watakuambia uongeze `-fsigned-char` kwenye kompaila. Inafanya kazi, na kwa mradi mkubwa wa zamani wa mtu mwingine inaokoa muda, ila kwenye msimbo wako ni kupaka rangi ukuta wenye ufa. Ongeza pia `-Wextra` unapotengeneza. Kompaila ya RISC-V itakuonya kwamba ulinganisho huo ni kweli daima.

8. Ingia ndani ya Debian nzima ya RISC-V. Umeme upo? Bando lipo? Haya.

```
sudo apt install debootstrap debian-archive-keyring
sudo debootstrap --arch=riscv64 --variant=minbase trixie /srv/rv http://deb.debian.org/debian
sudo chroot /srv/rv /bin/bash
uname -m
```

`debootstrap` inaijenga Debian ndani ya `/srv/rv`, na `chroot` inakuingiza humo. Amri ya pili itachukua muda, maana kila pakiti inafunguliwa kupitia QEMU. Kaanike nguo. Amri ya mwisho ikijibu `riscv64`, umeingia. Humo ndani unasakinisha chochote kwa `apt`, na kitakuja cha RISC-V:

```
apt update
apt install gcc make python3
```

Makosa matatu ninayoyaona kwenye hatua hii. La kwanza, watu wanaandika `https` badala ya `http`. Mfumo huu mdogo hauna vyeti vya kuhakiki `https`, basi `apt` inagoma. Uhakika wa pakiti unatokana na saini za Debian, usiogope. La pili, umeme unakatika katikati, mtu anaendelea palipokatika. Hapana, futa `/srv/rv` uanze upya. La tatu ndilo baya: mtu amesoma mahali kwamba aunganishe `/dev` na `/proc` ndani ya `/srv/rv`, kisha siku ya kufuta anapiga `sudo rm -rf` bila kuvitenganisha. Hapo anafuta vitu vya laptopu yake inayoendelea kufanya kazi. Kwa mazoezi haya huhitaji kuviunganisha kabisa.

Wanaotumia Docker wanaweza kufika karibu na hapa kwa `docker run --platform linux/riscv64 -it debian:trixie`. Mimi napenda `debootstrap` kwa sababu naona kila kinachotokea.

9. Leta mradi wako halisi. Chukua ule wa mwaka wa tatu, au hata mdogo wa mtandaoni, uutengeneze ndani ya `/srv/rv`. Kabla ya hapo, pekua msimbo kwa vitu viwili:

```
grep -rn "immintrin.h" .
grep -rnE "asm" --include=*.c --include=*.h .
```

Cha kwanza ni maelekezo ya vekta ya Intel, cha pili ni lugha ya mashine iliyochomekwa ndani ya C. Vyote havivuki. Vifungie ndani ya `#if defined(__x86_64__)` na uandike njia ya kawaida ya C kwa wengine wote.

10. Sasa zungumzia bodi. Kama unataka kuwasha taa na kusoma vipima joto, ESP32-C3 ni RISC-V ya biti 32, na huenda tayari unayo kwenye boksi lako bila kujua. Haiendeshi Linux ya kawaida. Kama unataka Linux, VisionFive 2 ina viini vinne vya RV64GC na ndiyo wengi wameanza nayo. Angalia toleo la mfumo: Ubuntu 25.10 inadai chipu za kiwango cha RVA23, ambacho kinalazimisha vekta, na VisionFive 2 haina. Ukiwa na bodi ya namna hiyo, baki Ubuntu 24.04 au Debian 13. Na tafadhali, inunulie kasha.

Hata ukiridhika na QEMU, mambo mawili hayapimi. Kasi, kwanza: usije na jedwali la sekunde za QEMU ukasema RISC-V ni nzito, umempima mkalimani. Pili, nyuzi nyingi. Intel inapanga mpangilio wa kumbukumbu kwa ukali kuliko RISC-V inavyodai, kwa hiyo programu iliyosahau kufuli inaweza kupita salama kwenye QEMU ya laptopu yako na kukosea kwenye bodi halisi. Hapo ndipo bodi inapolipa gharama yake.

Ikikwama

*`Exec format error`.* Umejaribu kuendesha faili la RISC-V na QEMU hajasajiliwa. Mwite kwa jina, `qemu-riscv64 ./programu`. Ikitokea ndani ya `chroot`, rudi nje usakinishe `qemu-user-static`.

*`Could not open '/lib/ld-linux-riscv64-lp64d.so.1'`.* Hukuweka `-static`, programu inatafuta maktaba za RISC-V kwenye laptopu ya Intel. Weka `-static`, au elekeza: `qemu-riscv64 -L /usr/riscv64-linux-gnu ./programu`.

*`configure` inasema haiitambui mashine.* Mradi ni wa zamani kuliko RISC-V yenyewe. Sakinisha `autotools-dev`, kisha nakili `config.sub` na `config.guess` kutoka `/usr/share/misc` uziweke juu ya zile za mradi. Hii imenitatulia kesi nyingi kuliko nyingine zote hapa.

*`undefined reference to __atomic_exchange_1`* au ndugu zake. Ongeza `-latomic` mwishoni mwa amri ya kuunganisha. Mwishoni, si mwanzoni.

*`Illegal instruction` kwenye bodi.* Umetengeneza kwa `-march` yenye V au nyongeza nyingine ambayo chipu haina. Angalia mstari wa `isa` kwenye `/proc/cpuinfo`, kisha rudi `-march=rv64gc`.

*`pip` imekaa saa nzima inatengeneza numpy.* Haijapata iliyotengenezwa tayari kwa RISC-V, sasa inaijenga kutoka mwanzo kupitia QEMU. Isimamishe, tumia `apt install python3-numpy`.

*`apt` ndani ya `chroot` haipati jina la seva.* Nakili `/etc/resolv.conf` ya laptopu kwenda `/srv/rv/etc/`. Ikigoma bado, angalia kama bando limeisha. Sitanii, ndiyo sababu ya mara nyingi.

Ukikwama kwa jambo ambalo halipo hapa, njoo na vitu vitatu: amri uliyoandika, ujumbe wote wa kosa ulionakiliwa kama maandishi, na jibu la `file` kwa programu yako. Picha ya kioo iliyopigwa kwa simu, imepinda, taa ya dari inang'aa katikati, siisomi tena.